Swali la Stoo

Nassor ameniomba niwaandikie ninyi mliobaki ofisini yale niliyojifunza katika miaka yangu ya kukata nyavu, kisha akaniwekea masharti mawili: nisizidishe kurasa kumi, na nisilalamike. La kwanza nitajitahidi. La pili linaonyesha kwamba miaka yote tuliyokaa meza moja hakunijua vizuri. Nimestaafu wiki sita zilizopita, na bado nikiamka alfajiri mkono wa kulia unatafuta mausi kwenye shuka. Nimechoka, na uchovu wenyewe si ule wa kulala ukaisha. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua, maana ni hiyo hiyo mnayolipwa ninyi.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilisomea uchoraji wa ramani za majengo, nikaja Dubai kuchora, nikachora mpaka macho yakaanza kugoma. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi ndipo nilipoingia ofisi yetu. Wakati ule ilikuwa chumba kimoja kirefu juu ya ghala la vipuri vya magari kule Ras Al Khor, na chini yetu watu walishusha injini kutwa nzima, kiasi kwamba kikombe cha chai kilitembea mezani chenyewe. Kazi yetu ilikuwa kumwambia kontrakta, kabla hajajenga, hewa itapita wapi, moshi utatokea wapi na joto litakwama wapi. Siku ya kwanza nilivaa baibui jipya na viatu vya kisigino. Ngazi za chuma za ghala zilinifundisha adabu kabla sijafika mlangoni.

Aliyenipokea alikuwa Mathew sir, mzee wa Kerala ambaye ndiye aliyeiandika programu yetu tangu mwanzo na kuipa jina Shabaka, yaani wavu. Watu wote walimwita Mathew sir, hata arbab wetu mwenye kampuni. Nilitegemea atanionyesha kompyuta. Alinipa penseli, kifutio na karatasi yenye mchoro wa chumba chenye mlango mmoja na feni.

"Kikate," akaniambia.

"Nikikate vipi?"

"Pembetatu. Kijae chote, pasibaki mahali patupu. Na kila pembetatu ishibe."

Nyinyi mmekuta kila kitu kinafanyika kwa kubonyeza, kwa hiyo ngoja nieleze alichokuwa anataka. Kompyuta haijui chumba ni nini. Ukiipa chumba kizima ukaiuliza upepo unakwendaje, inakukodolea macho. Lazima ukikate vipande vidogo vidogo, maelfu kwa maelfu, vishikane kama matundu ya wavu, ndipo iweze kuhesabu hewa inavyotoka kipande hiki na kuingia kile. Karibu na feni vipande viwe vidogo, kwa sababu hewa ya pale ina mambo mengi. Katikati ya chumba, ambako hakuna jambo, viwe vikubwa. Kipande chembamba kama mwiba wa samaki kinaharibu hesabu. Na hesabu iliyoharibika haipigi kelele. Inakupa picha yenye rangi nzuri kabisa, ya uongo.

Nilikata mpaka saa tisa alasiri. Nilifuta na kuchora mpaka karatasi ikatoboka pembeni mwa feni. Mathew sir aliichukua, akaigeuza huku na huku, akaweka alama nyekundu kwenye pembetatu kumi na moja zilizokonda, kisha akanirudishia. Hakusema nimefanya vizuri wala vibaya. Alisema, "Kabla hujakata chochote, Rukia, jiulize mambo matatu. Hewa inaingia wapi. Inatoka wapi. Na nani anaivuta."

Mawili ya kwanza niliyaona ya maana. La tatu nililiona la kizee. Nilidhani ni yale maneno ambayo wazee wa kazi huongeza mwishoni ili somo lionekane zito.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Nilikuwa na mausi iliyokufa kitufe cha kushoto nikaifunga plasta ya jeraha, ikaishi miaka minne mingine. Nilikuwa na rula ya chuma ya kupimia ramani zilizochapwa, na kioo cha kukuzia herufi ambacho mlikuwa mkikichekea. Na nilikuwa na daftari la jalada la kijani, ambalo Mathew sir alinikabidhi mwaka wa pili kwa sababu, alisema, mwandiko wangu unasomeka. Hilo ndilo daftari la matoleo. Kila mtu aliyekwazwa na Shabaka alikuja kwangu, nikaandika ombi lake, na kila Jumapili asubuhi, wiki inapoanza, tulikaa na chai ya karak tukapanga yapi yaingie kwenye programu na lini. Mnajua tulichokuwa tukiandika mbele ya maombi mengi. "Toleo lijalo." Nimeandika maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu.

Ombi la kwanza kwenye daftari lile, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, ni la Mathew sir mwenyewe: Shabaka ionyeshe ilichofagia. Na mbele yake, kwa mwandiko wangu unaosomeka: toleo lijalo.

Kufagia mnakujua, lakini mnakufanya bila kukutazama, kwa hiyo nakurudia. Mchoro wa jengo unakuja umejaa takataka: vitasa vya milango, misumari, vyungu vya maua, mistari ambayo mchoraji alisahau kuifuta. Ukikata wavu kuzunguka kitasa utapoteza siku nzima na vipande elfu hamsini kwa ajili ya kitu ambacho upepo haukitambui. Basi unaiambia Shabaka ifagie: kila kilicho kidogo kuliko kipimo fulani kiondoke, kila mwanya mwembamba kuliko kipimo fulani uzibwe. Inafagia kimya kimya. Mathew sir alitaka ikimaliza ituonyeshe ilichotoa, kama mtu anavyotazama kwenye beleshi kabla ya kumwaga. Sisi tulitaka haraka. Yeye alirudi Kerala kutibiwa moyo, na ombi lake likabaki mstari wa kwanza likisogezwa kutoka toleo hadi toleo.

Baada yake programu ilishikwa na Nassor. Nyinyi mnamwona bosi mwenye tumbo. Mimi namkumbuka alipoingia, mwembamba, mtoto wa familia ya Kizanzibari iliyokuja huku zamani, aliyezaliwa Dubai lakini akiongea Kiunguja kana kwamba ameshuka Forodhani jana. Yeye na mimi tuliipanga Shabaka kwa miaka saba. Tuligombana kuhusu kila mstari wa daftari, na sijawahi kufanya kazi na mtu mzuri kuliko yeye.

Halafu zikaja villa. Kampuni moja ya ujenzi ilikuwa na villa nyingi za aina moja Mirdif, na wenye nyumba hawakupenda kuona mashine za viyoyozi juu ya paa. Kontrakta akabuni ukuta wa urembo wa kuzificha. Tukaulizwa: ukuta ukijengwa, joto la mashine litatoka au litakwama? Kazi ilikuwa rahisi, ila kila villa ina vyumba vidogo vidogo juu ya paa na uani: cha pampu, cha mita, stoo. Vyumba vidogo vinakula vipande vingi. Kompyuta za wakati ule zilikuwa zikiunguruma nusu siku kwa villa moja, nami nilikaa nikizisikiliza kama mtu anayesubiri mgonjwa nje ya chumba cha daktari.

Nikaandika ombi langu mwenyewe kwenye daftari. Chumba chochote kilichoandikwa stoo, Shabaka ikijaze yenyewe kiwe kitu kizima, kama saruji, ili tusihangaike kukikata ndani. Sababu niliyoandika ni kwamba stoo haina watu.

"Bi Rukia, hili ndilo ombi," Nassor alisema Jumapili ile. "Mengine yote haya porojo. Hili nakufanyia wiki mbili, inshallah."

Alilifanya kwa siku tisa. Kazi ya nusu siku ikawa ya saa moja. Arbab alifurahi akaleta keki yenye jina la Shabaka, na jina langu chini yake, limekosewa. Ndiyo keki pekee niliyowahi kukatiwa kazini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huniambia, lakini Bi Rukia, hukujua. Nilijua. Yeyote aliyekaa mji huu na ana ndugu anayefanya kazi za ndani anajua stoo ya juu ya paa ni nini. Binamu yangu alilala kwenye stoo kama ile Al Warqa miaka mitatu. Siku zake za mapumziko nilikuwa nikimtembelea, na nimekula wali na samaki humo humo nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu kitanda kilijaza chumba chote. Mwanamke aliyekalia ile ndoo ndiye aliyeandika kwamba stoo haina watu. Nilipokuwa kwa binamu nilikuwa mtu wa Mombasa. Nikikaa mbele ya ramani nilikuwa mtu wa ramani, na ramani ilisema stoo. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta sana.

Tulitoa ripoti. Joto litatoka, ukuta ujengwe. Ukajengwa.

Mwezi wa nane kontrakta akapiga simu. Madam wa villa moja Mirdif analalamika viyoyozi vyake vinajizima kila mchana tangu ukuta uwekwe. Nassor akaendesha gari, nami nikakaa na kipimajoto mapajani kama mtu anayepeleka keki harusini. Tulifika saa nane, jua limesimama. Madam mwenyewe alikuwa kazini, na aliyetufungulia lango ni mfanyakazi wake wa ndani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kanga kiunoni, mikono ina povu. Alinisikia nikimwambia Nassor apeleke gari kivulini.

"Woi, kumbe ni watu wa nyumbani!" akasema. "Karibuni. Mimi naitwa Mercy. Mama unatoka wapi?"

"Mombasa."

"Mimi ni wa Kitale. Haki nilikuwa nimesahau kusikia mtu mzima akiongea Kiswahili kizuri hivyo. Kujeni, mashine ziko huku juu. Lakini mjikaze, huko ni jehanamu."

Alitupandisha ngazi ya nyuma. Ukuta wa urembo ulikuwa mzuri, sina la kusema, umechongwa maua ya kupendeza. Nyuma yake mashine nne zilikuwa zimepangwa mstari, zikitema moto kwenye uchochoro wa upana wa mabega ya mtu. Upande mmoja wa uchochoro ni ukuta. Upande wa pili ni stoo. Na kwenye ukuta wa stoo, usawa wa uso wangu, palikuwa na tundu la hewa la ukubwa wa kitabu, limezibwa na taulo.

Nassor alikwenda kwenye mashine. Mimi nilisukuma mlango wa stoo, na tayari nilikuwa najua. Godoro. Sanduku. Picha ya watoto wawili wamevaa sare za shule, imebandikwa ukutani, gundi imeyeyuka, picha imeinama. Feni ndogo ya mezani ikizungusha moto ule ule. Niliweka kipimajoto juu ya mto. Kilipopita arubaini na tano nilikiondoa, sikutaka kuona kitasimama wapi.

"Unalala hapa?" nilimuuliza, swali la kijinga kuliko yote niliyowahi kuuliza kazini.

"Nalala, ndiyo. Mbeleni haikuwa mbaya, hiyo katundu ilikuwa inaleta hewa poa jioni. Saa hii nikifungua, moto inaingia. Nikiziba, siwezi pumua. Wiki iliyopita nilianguka hapo kwa ngazi na basin ya nguo. Madam akasema ni joto la August, kila mtu anasikia." Akatazama kipimajoto mkononi mwangu, kisha karatasi za Nassor. "Kwani nyinyi ndio mlipima hii ukuta?"

"Ni sisi."

"Mlikuja lini? Sikuwaona."

"Hatukuja. Tulipima kwa kompyuta."

"Sawa. Na kwa hiyo kompyuta yenu, mimi nilikuwa wapi?"

Nassor alinitazama. Ningeweza kumwambia ni mambo ya kitaalamu, na angekubali, watu kama yeye wamezoea kuambiwa hivyo. Lakini mimi niliwahi kukalia ile ndoo kwa binamu.

"Hukuwepo," nilimwambia. "Chumba hiki tulikijaza. Kwenye kompyuta hapa ni saruji tupu."

Alifikiri kidogo, povu likimkauka mikononi. Halafu akacheka, kicheko cha kweli, mpaka akashika ukuta.

"Saruji! Na hiyo saruji ndiyo inaoshea watu nguo?"

Sikucheka. Nilishuka ngazi, nikakaa kwenye gari na mlango wazi, nikalia, na Nassor akasimama kivulini akijifanya anapiga simu.

Tulirudia hesabu usiku na mchana kwa siku mbili. Safari hii nilizima ombi langu, nikaikata stoo ndani, nikaliacha tundu wazi, na nikagundua jambo la pili: Shabaka ilipoijaza stoo, ilifagia na uchochoro, kwa kuwa mwanya kati ya vitu viwili vigumu ulikuwa mwembamba kuliko kipimo. Pale pale ambapo mashine zilitemea moto, sisi tulikuwa hatuna hewa kabisa. Picha mpya ilitoka nyekundu kuanzia ukutani hadi kwenye godoro. Niliichapa kubwa nikampelekea arbab.

"Ramani imeandikwa store," alisema. "Aliyechora ndiye aliyekosea. Sisi tumefuata ramani. Khalas."

"Arbab, ramani haikujua. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

Nikamweleza binamu, ndoo, wali na samaki. Nitampa haki yake: hakupenda, alinuna, alisema nimemwaibisha mbele ya kontrakta, lakini alitia saini barua ya kuifuta ripoti ya kwanza. Kontrakta alitoboa kuta za urembo kwenye villa zote, maua yakapotea nusu. Mercy alihamishiwa chumba cha chini kando ya jiko. Hakuhamishwa na ripoti yetu. Alihamishwa kwa sababu madam alipanda ngazi ile saa nane mchana, mara moja tu, baada ya mimi kumwomba kwa simu apande. Mercy alikaa miaka miwili mingine, kisha akarudi Kitale. Huwa ananipigia sikukuu, na kila mara ananiuliza saruji haijambo.

Jumapili iliyofuata tuliandika ombi jipya, na hili halikupewa toleo lijalo. Shabaka ikikuta chumba kilichoandikwa stoo, isimame, iulize: kuna mtu humu? Isiendelee mpaka ijibiwe ndiyo au hapana. Nassor aliliweka kwa Kiingereza na Kiarabu. Nilimwomba aongeze na Kiswahili.

"Hilo, Bi Rukia," alisema, "toleo lijalo."

Tulicheka, na ilikuwa vizuri kucheka.

Baada ya hapo ofisi ilikua, tukahamia jengo lenye lifti, mkaja nyinyi. Kompyuta mpya zilikata kwa dakika kumi kilichotuchukua nusu siku. Kazi nazo zikaongezeka mara kumi, kwa hiyo muda tuliouokoa sijui ulikwenda wapi, mimi sikuuona. Nilifundisha wengi wenu kwa penseli na karatasi, na wengi wenu mlinung'unika. Niliwaambia mambo matatu ya Mathew sir. Magoti yakaanza kuuma, miwani ikaongezeka unene, nikaanza kuhesabu miezi.

Mwezi wangu wa mwisho mlileta ombi kwenye daftari. Nimelisoma mara nyingi. Swali la stoo liondolewe, kwa kuwa linakatiza kazi, na kwa kuwa jibu lake ni lile lile siku zote. Nilipandwa na hasira. Nilikuja Jumapili nimejiandaa kuwasema mpaka karak ipoe, na ningewasema, kama Nassor hangeniita kwanza pembeni.

"Mie sikutaka uhamaki mbele yao," alisema. "Shabaka inaweka kila jibu, na jina la aliyejibu, na muda. Nimetoa yote ya mwaka huu. Tazama mwenyewe."

Alinipa karatasi nane. Nilitoa kioo changu cha kukuzia. Hapana, hapana, hapana, kutoka juu mpaka chini. Majina yenu yote yalikuwepo, na karibu kila jibu lilitolewa kabla sekunde mbili hazijapita. Ndiyo ilikuwa moja tu katika karatasi zote nane, na mbele yake aliyejibu aliongeza kwamba amebonyeza kwa makosa.

Kisha nikaona jina langu. Wala si mara moja. Kuna siku nimejibu hapana mara sita kwa dakika moja. Sikukumbuka hata jibu moja. Kidole changu, kile kile kilichofunga mausi plasta, kilikuwa kimejifunza kubonyeza bila mimi. Nilikuwa nimechoka, na hiyo ndiyo kweli, lakini hata saruji ingeweza kutoa sababu hiyo.

Sikuwasema Jumapili ile. Mliniona nimekaa kimya mkadhani ni huzuni ya kuondoka.

Jumatatu nilichukua teksi. Katika zile hapana zangu, nyingine majengo yake yalikuwa yameshakwisha, nyingine ni maghala ya kweli yenye stoo za kweli. Moja ilikuwa villa ya zamani Al Warqa. Mwenye nyumba alitaka ukuta wa urembo juu ya paa, ripoti nilikuwa nimeitoa mimi, na ukuta ungeanza kujengwa baada ya Idi. Nilisimama langoni saa tano asubuhi na mkoba wangu, kizee cha baibui, nikabonyeza kengele. Sauti ya mwanamke ikajibu kwenye kile kisanduku cha ukutani.

"Yes, madam? Sir and madam not at home."

Ile lafudhi ya kwetu ningeitambua popote.

"Samahani mwanangu," nilisema. "Nina swali moja tu, sikucheleweshi. Ile stoo ya juu, iliyo karibu na mashine. Kuna mtu humo?"

Kisanduku kilikoroma kidogo. Nilisikia maji yakifungwa.

"Ni mimi hapa," akasema. "Kwani kumetokea nini? Wewe ni nani?"

Nilimwambia jina langu. Nikamwambia hakijatokea kitu bado. Nikamuuliza lake, nikaliandika kwenye kiganja, maana daftari la kijani lilikuwa limebaki ofisini.

Ripoti ile imefutwa, na arbab safari hii hakununa. Alinitazama tu kama mtu anayetazama kiti chake cha zamani kikibebwa nje. Ombi lenu la kuondoa swali bado lipo ukurasa wa mwisho, mtalijadili bila mimi, na sina kura. Chini yake nimeandika la kwangu, la mwisho. Swali libaki, na anayelijibu, awe anasema ndiyo au hapana, aandike jina la mtu aliyeulizwa. Asiye na jina, Shabaka isimpitishe. Najua litawachelewesha. Najua mtu amechoka, saa kumi na moja imefika, na kidole kinajua njia.

Nassor alitaka kujua mstari huo utajazwaje, nikamwachia mfano mmoja kwa mwandiko wangu unaosomeka, usiharibiwe. Stoo ya juu, Al Warqa. Kuna mtu: ndiyo. Aliyeulizwa: Agnes.